Somo la 'kwenda kwa daktari' lafundisha majina ya magonjwa, si kuugua

MNAMO Januari 2022, aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, alitoa takwimu iliyowashangaza wengi. Kati ya wauguzi 300 waliokusudia kwenda kufanya kazi Uingereza, chini ya makubaliano yaliyotiwa saini na nchi hizi mbili Julai 2021, ni 10 tu waliokuwa wamefaulu mtihani wa Kiingereza. Mjadala ulizuka papo hapo. Ati inakuwaje watu waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi hadi chuoni washindwe na Kiingereza? Wapo waliosema mtihani wenyewe ni mgumu kupita kiasi. Wapo waliowalaumu walimu, na wapo waliowacheka wauguzi.

Katika makala haya sitaki kuufufua ugomvi wa nani alaumiwe. Ninakusudia kuhakiki kitu kidogo zaidi, ambacho naamini kinaeleza mengi: lile somo la mazungumzo ya daktari na mgonjwa ambalo karibu kila mwanafunzi wa Kiingereza hukutana nalo akiwa shuleni. Dai langu ni kwamba somo hili, jinsi linavyofundishwa katika madarasa yetu, humfunza mwanafunzi kuutaja ugonjwa. Halimfunzi kuusimulia. Halimfunzi kuuliza swali, wala kusema hajaelewa. Na kwa kuwa mwanafunzi huyo huyo ndiye atakayekuwa mgonjwa kesho, au muuguzi, hasara yake inaonekana pande zote mbili za meza ya daktari.

Hapa Nchiru, kando ya barabara itokayo Meru kuelekea Maua, suala hili si la nadharia. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kina wanafunzi wanaosomea uuguzi na taaluma nyingine za afya. Wengi wao wametoka mbali na Mlima Kenya: Kakamega, Kisumu, Garissa, Kilifi. Wanafundishwa kwa Kiingereza. Wakienda kwa mafunzo ya nyanjani katika vituo vya eneo hili, wanakutana na mzee wa Tigania au mama wa Igembe ambaye anaumwa kwa Kimeru, anajieleza kwa Kiswahili, na ambaye maelezo yake yataandikwa kwenye kadi kwa Kiingereza. Kila hatua ya safari hiyo ina mahali pa kupotezea maana.

Somo lenyewe

Msomaji analijua somo hili vyema. Mgonjwa anabisha hodi. Daktari anamkaribisha kitini na kumuuliza, "What is the matter?" Mgonjwa anajibu, "I have a headache." Daktari anampima joto, anaandika dawa, anamwambia ainywe mara tatu kwa siku. Mgonjwa anashukuru na kwenda zake. Kisha huja mazoezi: oanisha jina la ugonjwa na picha yake, jaza pengo kwa "toothache" au "stomachache", igizeni wawili wawili mbele ya darasa.

Sisemi somo hili halina faida. Mtoto hupata majina ya viungo vya mwili, huzoea adabu ya kusalimu na kushukuru, na uigizaji humtoa haya. Mwalimu mwenye kipindi cha dakika 35 na darasa lililojaa hawezi kufanya miujiza. Hata hivyo, lazima tuulize: je, kuna mgonjwa yeyote ulimwenguni anayezungumza hivi? Mgonjwa wa kitabuni ana ugonjwa mmoja, anaujua kwa jina, ana sehemu moja inayouma, haogopi, haoni aibu, hana swali na anaelewa kila anachoambiwa.

Mwanaisimu Dell Hymes alitufunza zamani, katika kazi yake ya mwaka 1972, kwamba kuijua lugha si kuzijua sentensi sahihi pekee. Ni kujua pia lini, wapi na kwa nani sentensi hizo zinafaa. Hiyo ndiyo dhana ya umilisi wa mawasiliano tunayowakaririsha wanafunzi wetu vyuoni. Somo la daktari lina sentensi sahihi tupu. Mahali na watu wa kuambiwa sentensi hizo havimo.

"I am fine, thank you"

Kasoro ya kwanza huanza kabla hata ya somo la daktari kufikiwa. Ingia darasa lolote la shule ya msingi nchini uwasalimu watoto kwa Kiingereza. Watasimama na kujibu kwa sauti moja kwamba wako salama, ahsante sana mwalimu. Aliye na homa atajibu hivyo. Aliyelala njaa atajibu hivyo. Mtoto amefunzwa kwamba swali la hali lina jibu moja, na jibu hilo halihusiani na hali yake.

Kiswahili nacho kina desturi yake hapa. Anayeulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo" hata akiwa amejishika tumbo. Anayeulizwa "Habari?" hujibu "Nzuri", kisha ndipo huongeza: "ila..." Msikilizaji aliyelelewa katika Kiswahili anajua kwamba habari yenyewe inaanzia kwenye hiyo "ila". Tatizo ni pale desturi hii inapohamishiwa Kiingereza bila mkia wake. Mgonjwa anasema "fine" na kunyamaza, akingoja aulizwe tena kama ustaarabu unavyotaka. Daktari aliye na foleni ndefu nje anaandika kwamba mgonjwa anaendelea vyema. Ni somo gani la Kiingereza linalomfunza mtoto kuitafsiri "ila"?

Jina kabla ya simulizi

Kasoro ya pili ni ya msingi zaidi. Mgonjwa wa kitabuni huja na jina. Na mgonjwa wetu halisi amejifunza kuja na jina vilevile. "Niko na malaria." "Ni presha imepanda." "Niko na typhoid." Ukimuuliza anavyojisikia, anarudia jina. Katika vijiji vingi, "malaria" limekuwa jina la kila hali ya mwili kuchemka na viungo kulegea. Mhudumu asiye mwangalifu atalipokea jina hilo kama maelezo, ilhali ni ubashiri tu wa mgonjwa.

Arthur Kleinman, daktari na mwanaanthropolojia wa Marekani, alilitenganisha jambo hili vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1988, The Illness Narratives. Kuna ugonjwa, ambao ndio hitilafu anayoitafuta daktari mwilini. Kuna pia kuugua, ambako ndiko anakokuishi mgonjwa: jinsi maumivu yalivyoanza, yanavyomzuia kwenda shambani, anachohofia, alichokwisha kujitibia. Daktari anaufikia ugonjwa kwa kupitia kuugua. Mgonjwa asiyeweza kusimulia kuugua kwake amemnyima daktari njia ya kupitia.

Katika kozi ya stadi za mawasiliano huwa nawapa wanafunzi zoezi hili: mweleze mwenzako maradhi uliyowahi kuugua bila kutaja jina lake. Wengi hukwama katika sentensi ya pili, kwa Kiingereza na hata kwa Kiswahili. Wanayajua majina ya magonjwa kwa Kilatini. Wanachokosa ni vitenzi vya maumivu: kuchoma, kukata, kusokota, kupwita, kuwasha, kufa ganzi. Wanakosa pia ngazi za wakati: yalianza ghafla au polepole, huja na kuondoka, huzidi usiku, hutulia nikilala chali. Haya ndiyo daktari anayahitaji. Haya ndiyo somo letu haliyagusi.

Lugha mbili, miili miwili

Kasoro ya tatu ni kwamba somo hudhani mwanafunzi anakuja bila lugha. Mtoto wa Nchiru akianza kujifunza Kiingereza tayari ana namna ya kuuzungumzia mwili wake, kwa Kimeru na kwa Kiswahili, na namna hiyo inatofautiana na ya Kiingereza kwa mambo yanayoweza kuleta madhara.

Tuchukue mfano rahisi. Katika Kiswahili, kiungo ndicho mtenda na mtu ndiye mtendwa: kichwa kinaniuma, tumbo linanisokota, macho yananiwasha. Hata ugonjwa wenyewe hutushika: "nimeshikwa na homa". Katika Kiingereza mtu huwa mmiliki wa maumivu. Anayo, kama mtu aliye na kalamu. Mwalimu anayeisahihisha tu sentensi ya mwanafunzi bila kumwonyesha tofauti hii anamwachia kukariri.

Kitenzi "kusikia" nacho hubeba mzigo mkubwa. Tunasikia sauti, lakini pia tunasikia baridi, njaa, kizunguzungu na uchungu. Ndiyo maana nyanya akiulizwa na muuguzi, "Nyanya, unaskiaje leo?" hujibu, "Naskia tu vibaya, mwanangu." Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno atamwambia daktari wa Kiingereza kwamba anakisikia kizunguzungu kwa masikio. Daktari aliyefunzwa kwa Kiingereza pekee anaweza kudhani tatizo liko masikioni.

Kisha kuna majina ya viungo. "Mkono" wetu huanzia begani hadi vidoleni. "Mguu" huanzia pajani hadi kwenye nyayo. Kiingereza hukata kila kimoja vipande viwili na kukipa kila kipande jina. Mgonjwa anayesema ameumia mkono bado hajasema ameumia wapi. "Kifua" kwa wengi ni sehemu ya mwili na pia ni kikohozi chenyewe: "mtoto ana kifua".

Neno linalonitia hofu kuliko yote ni "homa". Kamusi zetu zinasema homa ni hali ya joto la mwili kupanda. Lakini Mkenya wa kawaida anaposema "niko na homa", mara nyingi ana maana ya mafua: pua inatiririka, anapiga chafya. Katika foleni ya kituo kimoja cha afya niliwahi kumsikia mama akiulizwa kama mtoto wake amekuwa na homa. Alijibu hapana, bila kusita. Pua ya mtoto ilikuwa kavu. Ni mhudumu mwingine, aliyepita na kumgusa mtoto shingoni, aliyeuliza upya: "Mwili umekuwa moto?" "Eh, tangu juzi usiku." Hakuna aliyedanganya hapo. Aliyeuliza alikuwa na Kiswahili cha kamusi na mama alikuwa na Kiswahili cha nyumbani.

Mara moja, saa nane

Somo la daktari humalizikia kwa maagizo ya dawa, na hapo ndipo kasoro ya nne ilipo. Kitabuni, mgonjwa anaambiwa na anashukuru. Hakuna anayechunguza alichoelewa.

Fikiria maneno "mara moja". Ukiambiwa "meza hii mara moja", umeambiwa umeze kidonge kimoja tu basi, au umeze sasa hivi bila kuchelewa? Kiswahili kinaruhusu maana zote mbili. Fikiria pia "kila saa nane". Muuguzi anayetafsiri agizo la Kiingereza ana maana kwamba baada ya kila muda wa saa nane, yaani mara tatu kwa siku, mgonjwa ameze dawa. Mgonjwa naye anaweza kusikia kwamba kila siku ifikapo saa nane alasiri, ameze dawa. Tiba ya mara tatu imekuwa ya mara moja, na kila mmoja ana hakika ameelewana na mwenzake.

Ongeza hapo saa yenyewe. Saa ya Kiswahili huhesabiwa kuanzia macheo, ya Kiingereza kuanzia usiku wa manane. Anayesoma kwenye karatasi kwamba arudi kliniki saa 8 asubuhi, akaiita "saa nane", atafika watu wakiwa wamemaliza chakula cha mchana. Kila mwalimu wa Kiingereza hufundisha saa, na kila mwalimu hufundisha daktari. Ni nadra kumwona anayeyafundisha mawili haya pamoja, ilhali hospitalini ndiko yanakokutana.

Matatizo ya aina hii si yetu peke yetu. Neno la Kiingereza lenye maana ya "mara moja", likiandikwa kwenye chupa ya dawa na kusomwa na Mhispania, ni tarakimu kumi na moja. Mwaka 1980 huko Florida, Marekani, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Jamaa zake, wenye asili ya Cuba, walitumia neno "intoxicado", ambalo kwao ni mtu aliyedhuriwa na kitu alichokula au kunywa. Waliompokea walielewa kwamba amezidisha dawa za kulevya, wakamtibu kwa hilo. Kumbe alikuwa akivuja damu ubongoni. Kijana yule alipooza mikono na miguu, na kesi iliyofuata iliishia kwa fidia ya takriban dola milioni 71. Hakuna aliyemwita mkalimani kwa sababu kila mmoja alidhani neno lile analijua.

Kenya ilipowapokea madaktari 100 kutoka Cuba mnamo Juni 2018 na kuwatawanya katika kaunti, mojawapo ya maswali yaliyoulizwa ni jinsi watakavyoongea na wagonjwa. Lilikuwa swali la haki. Lakini tulilielekeza kwa wageni tu. Daktari kijana kutoka Homa Bay anayehudumu Maua, au muuguzi wa Mwingi anayehudumu Lodwar, naye yuko katika hali hiyo hiyo, na hatujawahi kumuuliza swali hilo.

Mgonjwa asiyeuliza

Kasoro ya tano ni ya mamlaka. Katika mazungumzo ya kitabuni, maswali yote ni ya daktari. Mgonjwa hujibu. Mtafiti Elliot Mishler, katika kitabu cha mwaka 1984, aliyaita mapambano haya kuwa kati ya sauti ya tiba na sauti ya maisha, na akaonyesha jinsi ile ya kwanza inavyoikatiza ya pili. Mwaka huo huo, Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha utafiti uliobainisha kwamba madaktari waliowachunguza nchini Marekani waliwakatiza wagonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Vitabu vyetu vinafanya kitu kibaya zaidi: vinamfunza mgonjwa kujikatiza mwenyewe.

Ongeza hapo haya na heshima. Mzee hawezi kumwambia msichana wa umri wa mjukuu wake, wazi wazi, kwamba ana shida ya kwenda haja ndogo. Atasema ni mgongo. Mama atasema ni "tumbo la chini" au "ugonjwa wa akina mama". Kiswahili kina hazina kubwa ya tasfida kwa ajili hii hasa, na mhudumu anayezijua atafungua mlango taratibu: "Mzee, na choo je, unaenda vizuri?" Mhudumu asiyezijua atatibu mgongo. Na pale ambapo mtoto wa darasa la sita ndiye anayeitwa kumtafsiria nyanya yake, tumewavunjia heshima wote wawili.

Walimu wa Kiswahili nasi tusijitoe

Isije ikadhaniwa ninawarushia mawe walimu wa Kiingereza peke yao. Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya KCSE, sehemu ya isimujamii, sajili ya hospitali ni mgeni wa kila mara. Mtahiniwa hupewa mazungumzo mafupi, atambue sajili, kisha ataje sifa zake. Naye hutaja kama anayesoma orodha ya duka: msamiati maalum, sentensi fupi, maswali na majibu, lugha ya upole, kuchanganya ndimi. Anapata alama zake, tunampongeza.

Lakini chukua hiyo "kuchanganya ndimi". Tumeifanya kuwa sifa, kama rangi ya kitambaa. Hatumuulizi mwanafunzi ni nani anachanganya, kwa nini, na ni nani anayeachwa nyuma pale daktari anaposema mgonjwa ana "infection" na kuendelea. Huku tunamsahihisha anayesema "mwili yote inauma" kwa sababu amekosea upatanisho wa kisarufi. Amekosea, ndiyo. Lakini ametwambia jambo ambalo aliyeandika sifa tano kwa Kiswahili sanifu hajawahi kujaribu kulisema.

Wala tatizo si uhaba wa istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Wakati wa korona, neno "barakoa", ambalo wengi hawakuwa wamelisikia, lilienea nchi nzima kwa majuma machache kwa sababu lilitumika kila siku redioni. Tunayo maneno. Tunachokosa ni mazoezi ya kuyatumia mbele ya mtu anayeumwa.

Walichotahiniwa wauguzi

Hebu sasa turudi kwa wauguzi wanaotafuta kazi ng'ambo. Mojawapo ya mitihani inayokubaliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, tangu mwaka 2017, ni ule wa OET, uliobuniwa kwa ajili ya wahudumu wa afya. Katika sehemu ya kuzungumza, mtahiniwa hupewa maigizo mawili. Anajiandaa kwa dakika tatu, kisha anazungumza kwa takriban dakika tano na mtu anayeigiza kuwa mgonjwa au jamaa ya mgonjwa. Kando na matamshi na sarufi, hupimwa jinsi anavyojenga uhusiano, anavyouelewa mtazamo wa mgonjwa, anavyokusanya habari na anavyozitoa.

Msomaji ataona kwamba hili ni lile lile somo la kwenda kwa daktari. Tofauti ni kwamba huku mgonjwa ana hofu, anakataa dawa, anauliza maswali, na mtahiniwa anapewa alama kwa kumsikiliza. Muuguzi wetu aliyelijua somo hilo tangu utotoni kama zoezi la kuoanisha majina na picha anakuja hapa akiwa na Kiingereza kizuri cha vitabu, ila bila mazoezi ya kazi hii. Sidai kwamba hii ndiyo sababu pekee ya matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022. Ninachodai ni kwamba mitihani ya namna hii hupima kitu ambacho mgonjwa wa Miathene anakihitaji kama anavyokihitaji wa Manchester. Itakuwa aibu ikiwa tutakifundisha kwa sababu tu Mwingereza amekitaka.

Kwa mgonjwa wa hapa, hili si hisani. Katiba ya 2010 inampa kila mtu, katika kifungu cha 43, haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu, pale inapowezekana, amfahamishe mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Sheria ipo. Mtaala wa kuitekeleza ndio bado.

Kifanyike nini?

Kuna watakaosema kwamba mgonjwa wa Nchiru hahitaji Kiingereza, kwa hivyo somo hili lisitusumbue. Ningekubaliana nao kama karatasi za maelezo ya dawa, fomu za idhini ya upasuaji na kadi za rufaa zingeandikwa kwa Kiswahili. Hadi hapo itakapokuwa, tunahitaji mwanafunzi anayeweza kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine akiwa na maana yake mkononi.

Mosi, mwalimu wa Kiingereza aanze somo kwa simulizi, si kwa jina. Mwanafunzi aeleze lini, wapi, vipi, na amekwisha kutumia nini. Jina la ugonjwa lije mwisho, tena kutoka kwa daktari.

Pili, lugha alizo nazo mtoto ziingizwe darasani. Dakika kumi za kulinganisha "nasikia", "homa" na "mkono" na wenzao wa Kiingereza zina thamani kuliko majina ishirini ya magonjwa.

Tatu, mgonjwa wa maigizo apewe maswali: Dawa hii ni ya nini? Nikisahau kuimeza nifanye nini? Nirudi lini? Na sentensi moja ikaririwe kwa kila lugha: "Sijaelewa, daktari, tafadhali nieleze tena."

Nne, vyuo vinavyofunza wahudumu wa afya, kuanzia hapa Nchiru hadi kampasi za KMTC za Meru na Embu, viwe na mafunzo ya Kiswahili cha tiba yanayotahiniwa kwa mazungumzo, pamoja na msingi wa lugha ya eneo ambako mwanafunzi anakwenda kujifunzia kazi. Humo afunzwe kumwomba mgonjwa arudie maagizo kwa maneno yake mwenyewe. "Mama, hebu niambie utakavyoinywa hii dawa ukifika nyumbani." Kwa swali hilo moja, "kila saa nane" ingejulikana imeeleweka vipi kabla mama hajatoka mlangoni.

Tano, Taasisi ya Ustawishaji Mtaala nchini (KICD) na watungaji wa mitihani waache kuuliza sifa za sajili ya hospitali na badala yake wampe mtahiniwa mazungumzo yaliyoharibika, aonyeshe maana imepotelea wapi na ayatengeneze.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji vitabu vipya au fedha za wafadhili. Mwalimu wa darasa la tano anaweza kuanza wiki ijayo. Awaulize watoto kwa Kiingereza hali zao, na wakishajibu kwa pamoja kwamba wako salama, awaulize mara ya pili, mmoja mmoja, kisha asubiri.